Nimemchongea Kum Wangu kwa Ekzosi Niliyoitengeneza Mwenyewe

Mpendwa Bi Merle,

Samahani kwa mwandiko na kwa alama za grisi, naandika barua hii kazini, juu ya kifuniko cha pipa, wenzangu wako nje wanakula pai zao, na kama utaichapa nakuomba ufiche jina langu, maana nasoma safu yako kila Alhamisi na kucheka matatizo ya watu, sikuwahi kudhani siku moja na mimi nitakuwa humo.

Mimi ni fundi ekzosi hapa Norlane, mwaka wa kumi na tisa sasa nakunja mabomba na kuchomelea, nina mke anaitwa Ivanka na mtoto wa kiume wa miezi saba, Roko, aliyezaliwa kabla ya wakati wake na kukaa hospitali wiki tano, na nina kum wangu, Vinko, na kama si wa kwetu nikwambie tu kwamba kwetu Wakroatia kum ndiye aliyesimama na wewe siku ya harusi na ndiye aliyembeba mwanao siku ya ubatizo, ndugu yako wa tumbo moja unaweza kumnunia miaka kumi na watu wakaelewa, lakini kum hanuniwi, hata jina humwiti, mnaitana "kume" mpaka mmoja amzike mwenzake.

Sasa Vinko ana gari, Falcon ya turbo, nyeusi, anaipenda kupita kiasi, na mwaka jana, kabla Roko hajazaliwa, alikuja gereji akaniambia, "Kume, hii ekzosi ya kiwandani imenichosha, inakohoa kama mzee, nitengenezee kitu," na mimi nikamtengenezea, Bi Merle, nilikaa siku mbili za mapumziko yangu chini ya lile gari, nikang'oa kila kitu kuanzia kwenye turbo mpaka nyuma, nikaweka bomba la inchi nne moja kwa moja, masega ya kuchuja moshi hamna, sailensa hamna hata moja, kona zote nimekunja mwenyewe na mshono wa kuchomelea ukiupitishia kidole huusikii, kwa sababu turbo ni feni inayozungushwa na moshi, ukiupa moshi njia pana ya kutokea feni inawahi kuamka na gari linaruka, ndiyo maana kila mwenye turbo kitu cha kwanza anachotaka kubadilisha ni ekzosi, na siku alipoliwasha mara ya kwanza mbwa wa mtaa mzima walibweka na Vinko akanikumbatia akasema hajawahi kupewa zawadi kama ile tangu azaliwe, nikajiona mfalme.

Halafu Roko akaja nyumbani. Vinko anafanya kazi bandarini na barabara yake ni mbele ya nyumba yangu, anapita saa kumi na moja kasorobo alfajiri akienda na saa tisa alasiri akirudi, na kila akifika mbele ya dirisha letu anakanyaga mafuta mpaka mwisho halafu anaachia, bomba linanguruma, turbo inapiga mluzi, anashusha kioo anapunga mkono, na nilipomuuliza mbona anafanya vile aliniambia, "Namsalimia mwanangu wa ubatizo, bwana! Akikua ataijua sauti ya baba yake wa pili kabla hajaniona," na akasema hivyo machozi yakimlengalenga, yeye hana mtoto, sasa mtu kama huyo unamwambiaje.

Mtoto anashtuka mpaka mikono inasimama hewani, analia saa nzima, Ivanka analia naye, amekonda, na mwezi wa tano aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, hakupiga kelele, bora angepiga, "Ama unamwambia wewe ama mimi na mtoto tunakwenda kwa mama Bell Park, uchague." Nikasema nitamwambia. Jumapili ile Vinko alikuja kula, nikamtoa nje tukasimama kando ya gari lake, nikaanza, "Kume, kuhusu hii ekzosi..." akanikata, "Inalia vizuri eh? Jamaa mmoja bandarini kaniuliza nani kaitengeneza, nikamwambia kum wangu, jimbo zima la Victoria hakuna mwingine," nikasema ndiyo, inalia vizuri, tukaingia ndani tukala.

Jumanne yake nilitoka nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na mapipa ya taka, siku yenyewe ilikuwa ya upepo, upande wa pili wa uzio shuka za jirani yetu Bi Noreen zilikuwa kambani zinapigapiga, nikapiga simu ile ofisi inayopokea malalamiko ya magari yenye kelele, nikataja namba ya gari, nikataja barabara na saa anazopita, na yule dada wa simu akauliza, "Unajuaje kwamba hakuna sailensa ndani?" nikamjibu, "Kwa sababu niliitengeneza..." nikashtuka, nikakata simu, jasho linanitoka kama nimeiba. Siku tisa baadaye polisi walimngoja Vinko kwenye kona saa tisa na dakika tano, wakambandika kanari kwenye kioo, ile karatasi ya njano, gari haliruhusiwi barabarani mpaka lipite ukaguzi.

Na unajua alikuja kwa nani? Kwangu. Kwa sababu sisi tuna Falcon tano za turbo kwenye kundi letu la marafiki wapenda magari na ekzosi ya kiwandani tumebakiza moja tu, nzima, ina masega yake na sailensa zake, tunaiita Suti ya Kanisani, huwa imening'inia ukutani kwenye gereji yangu ya nyumbani na kila anayebandikwa kanari anakuja kuivaa siku ya ukaguzi, akishapita anaivua anairudisha, imezunguka magari yote matano kama suti ya harusi ya kuazima. Tukalala chini ya gari mimi na kum wangu bega kwa bega, mimi nafungua nati yeye ananipa spana, na muda wote anaongea.

"Kuna mtu kanichongea, kume."

"Nani atakuchongea wewe?"

"Walijua saa, bwana! Walijua hadi dakika. Yule askari kaniambia mwenyewe, 'Tumepigiwa.' Kupigana nitasamehe, kuiba nitasamehe. Kuchongea? Mtu anayemchongea mwenzake kwa serikali huyo si mtu, ni takataka. Shika hapo. Nikimjua..."

"Nimeshika."

"Ni yule bibi. Noreen."

Na mimi, Bi Merle, nikiwa nimeshika bomba kwa mikono miwili juu ya uso wangu, sikusema kitu. Si kwamba nilisema ndiyo, nilikaa kimya tu, basi, na kimya changu kikachukuliwa kuwa ndiyo. Sababu ya kumshuku Bi Noreen ni kwamba mwezi wa tatu alimsimamisha Vinko pale kwenye sanduku lake la barua, mzee wa miaka sabini na tisa na kandambili zake, akamwambia, "Kijana, hilo gari lako linanivunjia vikombe. Punguza." Vinko alicheka akasema sawa bibi, na hakupunguza, na sasa amekumbuka.

Zamani Vinko ndiye alikuwa anamtolea Bi Noreen mapipa yake barabarani kila Jumanne na kumkatia majani ya mbele, tangu mumewe afariki, hakuna aliyemwambia afanye. Hayo yamekwisha. Sasa Falcon zote tano zinapita mbele ya nyumba yake kila alasiri, zinakwenda polepole kama msafara wa mazishi, zikifika kwenye geti lake zinakanyaga mafuta, moja baada ya nyingine. Anakokota mapipa mwenyewe. Dukani watu wanamgeuzia mgongo. Na wiki tatu zilizopita mtu, simjui nani, sitaki kujua, alikwenda kumwaga dawa ya magugu kwenye majani yake ya mbele, mwanzoni hakuna kilichoonekana, siku ya nne majani yakaanza kukauka, herufi zikatokea moja moja, za njano, kubwa, mpaka wiki ikaisha neno limekamilika, MCHONGEZI, na neno hilo linaelekea dirisha la jikoni kwangu, Bi Merle, nikichemsha maji ya chai asubuhi ninalisoma.

Nilimkuta amesimama na reki anayaangalia. Nikasema pole, Bi Noreen. Akasema, "Wamekosea nyumba, mwanangu," halafu akaniangalia, akauliza, "Mtoto analala siku hizi?" Nikasema analala, kwa sababu kweli Vinko akipita kwetu sasa anapita kimya, kanari imemtia adabu kwa upande wetu, fujo yote amehamishia kwenye geti la bibi wa watu. Akasema, "Vizuri. Hilo ndilo kubwa," akaingia ndani. Ivanka naye anaamini ni Bi Noreen aliyepiga simu, ameniambia kwa siri kwamba anamshukuru, amempelekea keki.

Jana Bi Noreen ameniambia Jumamosi anakuja wakala wa nyumba na kamera. Anauza. Amekaa kwenye nyumba ile miaka hamsini na moja, anakwenda kwenye nyumba ya wazee huko Colac ambako hamjui mtu. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Mtu akichoka amechoka."

Sasa Bi Merle nakuomba unishauri, nikisema ukweli nampoteza kum wangu na kundi zima na pengine hata kazi, maana nani atampa gari lake fundi mchongezi, na Vinko itamuua, nikinyamaza yule mama anaondoka kwake kwa sababu yangu. Je, hakuna njia ya kati? Nilifikiri labda niandike barua isiyo na jina niiweke kwenye sanduku la Vinko, nimwambie tu si Bi Noreen. Au nisubiri, pengine nyumba haitapata mnunuzi. Silali. Mtoto analala, mimi silali.

Mimi,
Fundi Ekzosi, Norlane

MERLE ANAJIBU

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilivua miwani nikatembea jikoni huku na huku.

Nianze na huruma, maana ni fupi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mke aliyechoka, rafiki anayekupenda kwa kelele. Mtu yeyote angebanwa. Nakuelewa. Imetosha.

Sasa kuhusu hiyo ekzosi. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa injini miaka thelathini na minne, kwa hiyo usinieleze habari za feni na moshi. Wewe na mimi tunajua kwamba turbo yenyewe inameza sehemu kubwa ya kelele kabla bomba halijaanza. Ili Falcon ya turbo imwamshe mtoto aliyelala ndani ya nyumba, lazima mtu akusudie. Ulikusudia. Uling'oa kila kitu kinachonyamazisha, ukakunja kona vizuri, ukakumbatiwa, ukajiona mfalme. Kwa hiyo Vinko alipokuwa anapita mbele ya dirisha lako, aliyekuwa ananguruma ni wewe. Simu ile ulijipigia mwenyewe, ila kanari wakambandika mwenzako.

Unasubiri nikuite mchongezi. Sikuiti. Najua nitapata barua kwa hili, na ninyi wasomaji mziandike, sanduku lipo: kupiga simu ile si kosa. Ofisi ile ipo kwa kazi hiyo. Mtu aliyemwambia jirani yake uso kwa uso, akachekwa, akapuuzwa, ana haki ya kunyanyua simu na kulala usingizi wake. Lakini wewe hukumwambia. Ulianza sentensi, akakukata, ukaenda kula. Katika mtaa wenu wote, mtu mmoja tu ndiye aliyesimama mbele ya Falcon ile akasema "punguza", naye alikuwa na kandambili na miaka sabini na tisa. Huyo ndiye mliyemwandikia neno kwenye majani. Ndiyo, nimesema mliyemwandikia. Dawa sijui kaimwaga nani. Wewe ulishika bomba ukanyamaza, na hiyo inatosha kuhesabiwa.

Tena una tabia, Fundi, na ukiisoma barua yako utaiona. Ukiwa na neno la kumwambia mtu, unatafuta mtu mwingine wa kumwambia. La Vinko ukalipeleka kwenye simu. La Bi Noreen umeniletea mimi. Sasa unataka kuandika barua isiyo na jina uiweke kwenye sanduku la rafiki yako. Barua isiyo na jina! Vinko ataisoma, atasema bibi mjanja, kajiandikia mwenyewe, na Jumamosi hiyohiyo Falcon tano zitapita tena. Njia ya kati haipo. Uliyoiita njia ya kati ni kujificha, na umejificha kuanzia mwezi wa tano.

Kaa chini sasa, maana hili hukuliona. Umeandika kwamba siku uliyopiga simu kulikuwa na upepo na shuka za jirani zilikuwa kambani. Shuka hazijitundiki, Fundi. Ulisimama hatua chache kutoka kwenye uzio ukasema kwa sauti yako mwenyewe, "niliitengeneza." Kisha wiki kadhaa baadaye mama yule anasimama juu ya majani yake yaliyokufa, anakwambia wamekosea nyumba, anakuangalia, anakuuliza kama mtoto analala. Unadhani alikuwa anakupa habari za hali ya hewa? Anajua. Amejua tangu siku ile ya shuka. Sentensi moja tu, akimsimamisha Vinko tena pale kwenye sanduku lake la barua, ingemrudishia mapipa yake, majani yake na jina lake. Hajaisema. Anaona bora auze nyumba ya miaka hamsini na moja kuliko kukuchongea wewe.

Rudia kusoma hapo kama umepapita haraka.

Haya. Nakupa kazi, na sitaki kusikia "labda".

Kwanza unakwenda kwa Bi Noreen. Mlango wa mbele, siyo uzio. Usianze na habari za mtoto, usianze na mke, usijieleze. Sema: "Nilipiga simu mimi, nikakuacha ubebe." Halafu funga mdomo umwache aseme anachotaka, na kama atakufukuza, ondoka. Mwambie aahirishe ujio wa wakala wa nyumba. Akikataa, ni nyumba yake, lakini aamue akiwa anajua kwamba mtaa umeambiwa ukweli.

Siku hiyohiyo unakwenda kwa Vinko. Usimwite kwako, usimngoje gereji ambako una spana za kujishughulisha nazo. Nenda kwake, mikono mitupu. Mwambie yote, hata lile la kula Jumapili. Atakasirika. Anaweza kukupiga. Anaweza kunyamaza, na kwa watu wa kum kunyamaza ni kubaya zaidi, nimekaa karibu nanyi miaka mingi kiasi cha kulijua hilo. Huna la kufanya kuhusu hasira yake, ni mali yake, mwachie. Lakini usimwache bila kumwambia kwamba yule bibi aliyekuwa anamtolea mapipa ndiye aliyekuwa anamtunzia siri kum wake. Vinko si mtu mbaya. Mtu mbaya hamlilii mtoto wa mwenzake. Yeye naye ana mlango wa kwenda kuugonga, na ni haki yake kuambiwa ni upi.

Ivanka unamwambia kabla ya wote wawili. Keki ile ilikwenda kwa mtu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na mke wako anastahili kujua.

Kisha chukua sepetu. Ng'oa yale majani yote, siyo herufi tu, maana ukipanda mapya juu ya herufi peke yake neno litasomeka kwa kijani. Fanya mchana, watu wakuone. Wakikuuliza unafanya nini kwenye majani ya bibi, wajibu.

Na mwisho ufundi wako. Mtengenezee Vinko ekzosi ya maana, hata kama hasemi nawe, uiache mlangoni kwake. Inchi tatu, masega mapya, sailensa mbili. Atapoteza nguvu kidogo ambazo hazihitaji kufika bandarini. Suti yenu ya Kanisani mpeni mmoja wenu aivae siku zote na wengine mtengeneze za kwenu, mmekuwa watu wazima sasa. Siku Vinko atakapotaka kumsalimia mwanawe wa ubatizo, aegeshe gari aingie ndani ambebe. Roko haijui Falcon. Ataujua uso.

Kuhusu kazi yako: unaogopa hakuna atakayempa gari fundi mchongezi. Wapo watakaokukimbia. Nakuambia kweli, wapo. Utakula kidogo kwa muda.

Neno moja la gazetini. Umeniomba nifiche jina, na nitalificha. Lakini fundi ekzosi, Norlane, Mkroatia, mtoto wa miezi saba, majani yenye maandishi mbele ya jikoni! Gazeti likitoka Alhamisi asubuhi, kufikia chai ya saa nne hakuna asiyekujua. Sitaki Vinko na Bi Noreen walisome kwenye gazeti kabla hawajalisikia kwako, hiyo itakuwa mara ya tatu unasema kupitia mtu mwingine. Kwa hiyo leo Jumatatu nakuletea jibu hili kwa mkono, kwenye bahasha, hapo kazini kwako. Una leo jioni na Jumanne nzima. Ukitaka nisichape, nipigie Jumatano kabla ya saa sita mchana, sitachapa, na sitakulaumu hadharani. Nitakuuliza swali moja tu: umekwenda?

Merle

Jumatano, saa tano na robo asubuhi. Fundi amepiga simu. Sikupata hata nafasi ya kuuliza swali langu. Alisema Jumanne alikwenda milango yote miwili. Bi Noreen alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba shuka zile alizianua zikiwa bado mbichi ili asiendelee kusikia. Ujio wa wakala wa nyumba haujaahirishwa. Bibi amesema atafikiri mpaka Ijumaa, na nina hakika atafikiri vizuri kuliko sisi. Vinko alisikiliza amesimama, akafunga mlango. Jioni ile mtu alitoa mapipa ya Bi Noreen barabarani. Fundi hakuona ni nani, na hajapata simu yoyote kutoka kwa kum wake.

Nikamuuliza kama nichape. Akasema chapa yote, usipunguze kitu, na pale mwisho uliponisaidia kuficha, usifiche. Anaitwa Zlatko Brnadić.